Mwanao Ameitwa Kwenye Usaili: Nani Anamngoja Mlangoni?

Siku hizi si jambo geni kwa mama wa Tanga, Muheza, Pangani au Bagamoyo kumsikia mtoto wake akisema kwamba kuna watu wanatafuta waigizaji wa filamu, naye anaomba nauli. Watoto wengine husema mapema. Wengine husema usiku wa kuamkia safari. Na wengine hawasemi kabisa. Mama huja kujua baadaye kwamba fedha ya twisheni imekwisha kununua tiketi ya basi pale stendi ya Kange.

Mkutano huo ambao vijana huitwa ili wapimwe na kuchaguliwa kwa ajili ya filamu au tamthilia ndio unaoitwa usaili. Usaili wa wazi ni ule ambao mtu yeyote aweza kwenda, awe amesomea uigizaji au hajasomea, awe na jina au hana. Tangazo lake hutolewa redioni, kwenye televisheni, na siku hizi zaidi kwenye simu, katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram. Kwa sababu hiyo tangazo humfikia mtoto kabla halijamfikia mzazi.

Katika makala haya hatuna nia ya kuwatisha akina mama, wala kuwaambia kwamba kila filamu ni kazi ya shetani. Hali kadhalika hatusemi kwamba kila mtoto mwenye kipaji apakiwe kwenye basi kesho asubuhi. Tunataka tuzungumze kama wazazi juu ya jambo moja tu: mtoto wetu anapoingia katika chumba kile, nani anamngoja nje?

HAMU HII IMETOKA WAPI?

Watu wa pwani yetu hawakuanza kuigiza jana. Marehemu Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la King Majuto, alikuwa mtu wa Tanga. Alizaliwa mwaka 1948, akaanza kupanda jukwaani akiwa mtoto wa miaka tisa, na hadi alipofariki dunia Agosti 2018 alikuwa amewachekesha babu, mtoto na mjukuu katika nyumba moja. Mtoto wa Tanga anapotamani kuigiza, si kwamba ameota ndoto ya nchi za mbali. Ameona mtu wa mji wake.

Kule Pangani, shirika la UZIKWASA, yaani Uzima kwa Sanaa, limetumia filamu kufundisha jamii. Kati ya kazi zake ni Fimbo ya Baba ya mwaka 2006, na Aisha ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Chande Omar, inayozungumzia ukatili dhidi ya wanawake. Bagamoyo nako kuna Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au TaSUBa kwa kifupi. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2012, nayo ilipigwa picha Bagamoyo na Dar es Salaam.

Aidha, vijana wetu wameona wenzao wakiinuliwa. Marehemu Steven Kanumba alipocheza filamu ya Uncle JJ, watoto aliocheza nao, waliojulikana kwa majina ya Jennifer na Patrick, walipendwa katika kila nyumba. Mwaka 2014 yalifanyika mashindano ya kusaka vipaji vya uigizaji yaliyoitwa Tanzania Movie Talents. Waandaaji walizunguka kanda mbalimbali za nchi, na mshindi, Mwanaafa Mwinzago, binti aliyetoka mikoani, alipewa shilingi milioni 50. Tangu hapo tamthilia za Kiswahili zimeongezeka katika televisheni, na kila tamthilia inahitaji sura mpya.

Basi, mama mwenzetu, usishangae. Mwanao anaona mlango umefunguliwa. Kazi yetu ni kumsaidia kujua ni mlango gani.

SIKU YA USAILI ILIVYO

Vijana waliokwisha kwenda husimulia mambo yanayofanana. Ukifika unaandikisha jina, unapewa namba ya kubandika kifuani, kisha unasubiri. Kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya siku. Watu ni wengi, jua ni kali, na chumba cha usaili kinachukua mmoja mmoja au wawili wawili. Ndani kuna meza, watu wawili au watatu waliokaa nyuma yake, na kamera. Unaambiwa utaje jina lako, umri wako na mahali unapotoka. Halafu unapewa kipande cha skripti usome, au unaambiwa tu hali fulani: umefumaniwa, umefukuzwa kazi, umepata barua ya posa. Uigize hapo hapo, bila mwenzako wa kukujibu.

Binti mmoja wa Ngamiani alitueleza kwamba alifika saa moja asubuhi, akaingia ndani alasiri. Aliambiwa alie kama mtu aliyefiwa na mama yake. Kabla machozi hayajatoka, akaambiwa asante, amwite anayefuata. Hakuna aliyemtukana wala kumdharau. Walikuwa na watu mia wa kuwatazama na siku moja ya kufanya hivyo. Lakini yeye alitoka pale akiamini kwamba hana thamani, na ilimchukua majuma kadhaa kurudi kuimba kwaya.

Tumekaa sisi wenyewe kwenye mabenchi ya nje pamoja na watoto. Tuliyoyaona ni kwamba vijana wengi wamekuja wenyewe. Hawajala tangu asubuhi. Simu zinaishiwa chaji. Wapo waliotoka Korogwe na Lushoto bila kujua watalala wapi endapo wataambiwa warudi kesho. Safari ya kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, na basi huchukua muda wa saa sita hivi. Mtoto akitoka kwenye usaili jioni, hana tena basi la kumrudisha nyumbani kabla ya giza. Hapo ndipo mtu yeyote mwenye maneno matamu anapopata nafasi.

MLANGO WA MBELE NA MLANGO WA NYUMA

Usaili wa haki una mlango wa mbele. Unafanyika mchana, mahali pa wazi kama ukumbi, shule au ofisi inayojulikana. Watu wa kuchagua ni zaidi ya mmoja. Kampuni ina jina, ina anwani, na haikasiriki mzazi akiuliza maswali. Tena tukumbuke kwamba mtayarishaji wa filamu hapa nchini anatakiwa awe na kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania. Si dhambi kumwomba akuonyeshe.

Lakini upo pia mlango wa nyuma, nao ni wa aina mbili.

Aina ya kwanza ni ya fedha. Kijana mmoja wa Muheza alikopa kwa dada yake anayeuza machungwa barabarani. Alituma fedha ya fomu kwa simu, akaongeza fedha ya kitambulisho, akapanda basi. Alipofika alikuta ukumbi umefungwa na mlinzi hana habari ya usaili wowote. Namba ya simu haikupatikana tena. Wengine hupokewa kweli, lakini huambiwa wachangie gharama za kambi, au walipie nafasi yao ndani ya filamu. Mama, shika neno hili: mwigizaji ni mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa. Shamba ambalo mkulima anamtoza kibarua ili alime, hilo si shamba, ni mtego.

Aina ya pili ni nzito zaidi, nasi hatutaificha kwa maneno laini. Ni rushwa ya ngono. Binti anaambiwa amefanya vizuri sana, ila kuna usaili wa pili, nao ni usiku, gestini, na aje peke yake. Au anaombwa atume picha ambazo asingethubutu kumwonyesha mama yake. Wapo na wavulana wanaoombwa hivyo, ingawa wao husema kwa shida zaidi.

Tusidhani kwamba haya ni ya nchi maskini tu. Mwaka 2017 huko Marekani wanawake wengi, baadhi yao wakiwa waigizaji wenye majina makubwa, walijitokeza kueleza jinsi mtayarishaji Harvey Weinstein alivyowaita hotelini kwa kisingizio cha mazungumzo ya kazi. Walikuwa na fedha, walikuwa na elimu, na bado walinyamaza miaka mingi kwa hofu ya kupoteza kazi. Je, binti wa miaka kumi na saba kutoka Makorora, asiye na wakili wala jina, atawezaje kusema hapana akiwa peke yake?

Mama mmoja wa mjini hapa alituonyesha njia. Binti yake alipigiwa simu saa mbili usiku, akaambiwa mwongozaji anamsubiri. Mama aliichukua simu, akajibu kwa adabu kabisa kwamba wamefurahi, na kwamba kesho asubuhi watakuja wote wawili, mama na binti, pamoja na mjomba. Simu ile haikupigwa tena. Binti alilia usiku kucha akidai mama amemharibia maisha. Leo, anapowaona wenzake, anamshukuru.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Wazazi wengi huogopa kwa sababu hawajui kwamba sheria inawalinda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Umri wa chini wa mtoto kuajiriwa ni miaka 14, na hiyo ni kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Mtoto haruhusiwi kufanyishwa kazi usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Tena ana haki ya kulipwa kwa kazi aliyoifanya. Kwa hiyo mwongozaji anayetaka kumweka mwanao kambini usiku kucha hapaswi kushangaa ukimkatalia.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 nayo inatambua rushwa ya ngono kuwa kosa. Mtu aliye na mamlaka anayedai ngono ili atoe kazi au upendeleo ametenda jinai, hata kama binti aliitikia kwa hofu. TAKUKURU wanapatikana bila malipo kwa namba 113. Kwa habari za watoto ipo namba 116, nayo ni ya bure. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Andika namba hizi mahali watoto wanapoziona, hata kama ni nyuma ya mlango wa jikoni.

FUNDISHO KUTOKA KWA MZEE MAJUTO

Tumemtaja King Majuto kwa sababu ya kipaji chake. Yapo na mengine ya kujifunza kwake. Alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, ilifahamika hadharani kwamba baadhi ya kazi alizofanya hazikuwa zimemlipa kama ilivyostahili. Waziri aliyehusika na sanaa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba yake na ya wasanii wengine. Tazama, mtu aliyefanya kazi hii kwa miongo mingi, aliyependwa na taifa zima, mikataba ilimsumbua. Je, mtoto wa kidato cha tatu anayetia sahihi akiwa amesimama, kwa furaha ya kuchaguliwa?

Karatasi yoyote isitiwe sahihi siku ile ile. Irudi nyumbani. Baba na mama waisome pamoja. Kama ni ya Kiingereza na hamkielewi vizuri, mpelekeeni mwalimu, mwanasheria au mtu mnayemwamini kanisani. Angalieni mambo manne: atalipwa kiasi gani, atalipwa lini, atafanya kazi siku ngapi na saa ngapi, na picha zake zitatumika wapi na kwa muda gani. Mwenye nia njema atakubali kungoja siku mbili.

MORDEKAI HAKUKAA NYUMBANI

Katika Biblia kuna binti aliyeingizwa katika uchaguzi mkubwa kuliko usaili wowote wa leo. Ni Esta. Wasichana wengi walikusanywa kutoka kila jimbo ili mfalme achague mmoja. Esta alikuwa yatima, mgeni, na hakuwa na nguvu ya kukataa. Mara nyingi tunapohubiri habari zake tunakimbilia mwisho, pale alipoliokoa taifa lake. Turudi nyuma kidogo, sura ya pili, mstari wa kumi na moja. Hapo tunamwona Mordekai, aliyemlea, akitembea kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake ili apate habari za Esta na kujua anatendewaje.

Kila siku, ndugu zetu. Mordekai hakuweza kuingia ndani. Hakuweza kumchagulia mfalme. Hakuwa na fedha wala cheo cha kuzuia jambo lile. Lakini alikuwepo pale nje, na Esta alijua kwamba yupo. Ndiyo maana siku ya hatari ilipofika, Esta alikuwa na mtu wa kumtumia habari.

Hii ndiyo kazi tunayoiona kuwa ya mama. Akina mama wengi tumegawanyika makundi mawili. Wapo wanaopiga marufuku kabisa. Mtoto huenda kwa siri, na akipatwa na jambo hathubutu kusema, maana atajifichua. Wapo wengine wanaosukuma. Wameona milioni 50 za mtu mwingine, wanamwambia binti avumilie tu, mradi atoke. Watoto wa makundi yote mawili huingia chumbani wakiwa peke yao. Mordekai hakuwa wa kundi lolote kati ya hayo. Alitembea nje ya ua.

MAMA AFANYE NINI?

1. Mwambie mtoto mapema, kabla tangazo halijafika, kwamba akitaka kwenda aseme, na kwamba hutamkasirikia kwa kusema. Neno hilo moja litamlinda kuliko fimbo.

2. Zungumza na baba wa watoto. Jambo hili lisiwe siri ya mama na binti. Baba akilisikia kwanza kwa majirani, nyumba itagawanyika.

3. Uliza habari za waandaaji. Ni akina nani? Wametengeneza filamu gani? Kibali chao kiko wapi? Piga simu mwenyewe, wasikie sauti ya mtu mzima.

4. Asiende peke yake. Kama wewe unauza sokoni na huwezi kuacha biashara, mtume shangazi, kaka au mama wa jirani. Akina mama watatu wanaweza kuwapeleka watoto sita kwa zamu. Kama ni Dar es Salaam, jueni kabla ya kuondoka mtalala kwa ndugu yupi.

5. Kubalianeni mipaka. Hakuna kuvua nguo, hakuna chumba cha kulala, hakuna usiku, hakuna kutuma picha za aibu, hakuna kulipia nafasi. Mtoto akiijua mipaka hiyo akiwa nyumbani, hataanza kuitafuta mbele ya kamera.

6. Mtihani kwanza. Usaili utakuwepo na mwaka kesho. Mtihani wa kidato cha nne una tarehe yake. Anayependa sanaa kweli anaweza kumaliza shule na kuomba kusoma TaSUBa, arudi na cheti mkononi.

7. Mpe mahali pa kujifunzia. Maigizo ya Krismasi na Pasaka katika makanisa yetu yamewafundisha wengi kusimama mbele za watu na kutoa sauti. Kwa nini tuyafanye mara mbili kwa mwaka tu? Ukumbi wa kanisa ukifunguliwa Jumamosi moja kwa mwezi, vijana watapata mazoezi mbele ya macho yetu.

AKIRUDI BILA KUCHAGULIWA

Wengi hurudi bila kuchaguliwa. Hesabu yenyewe ndivyo ilivyo: wakija mia kwa nafasi tatu, tisini na saba watarudi. Mama aliyempeleka mtoto asisahau kumpokea.

Wanaochagua hutafuta sura inayofaa kwa mtu waliyemwandika: mrefu, mfupi, mwenye uso wa upole, anayefanana na yule atakayekuwa baba yake katika hadithi. Mtoto hujiona amekataliwa yeye mzima, kumbe kimekataliwa kimo chake. Mkumbushe habari za nyumba ya Yese katika 1 Samweli 16. Vijana saba walipita mbele ya Samweli mmoja baada ya mwingine, na hata nabii alivutwa na kimo cha yule wa kwanza. Aliyetakiwa alikuwa malishoni na hakuitwa hata kuja kutazamwa. Mungu alikuwa akimjua kule kule kwa kondoo.

Usimwambie alikuwa anapoteza muda. Usimwambie ulijua atashindwa. Mpikie chakula anachokipenda, mwache asimulie, na akitaka kulia alie. Jumapili inayofuata mtume afanye kazi kanisani kama kawaida, ili ajue kwamba nafasi yake kati yetu haikutegemea namba ile ya kifuani.

Na akichaguliwa je? Hapo kutembea nje ya ua ndiko kunaanza. Mpigie kila siku. Nenda kambini bila kuaga. Jua jina la mwongozaji na la mama anayewapikia. Mwombee kwa jina, asubuhi na jioni.

Bwana awape akina mama wote wa pwani yetu macho ya kuona, miguu isiyochoka kungoja, na masikio ambayo watoto hawaogopi kuyaambia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, mtoto wako akipata jambo la aibu akiwa safarini, nani atakuwa mtu wa kwanza kumpigia simu? Kama si wewe, kwa nini?

2. Katika mtaa au usharika wenu, akina mama gani wanaweza kuungana kuwasindikiza watoto kwa zamu?

3. Someni Esta 2:1–11. Mordekai alifanya nini ambacho sisi tumeacha kukifanya?